Wazo la Nani? Kisa cha mwanafunzi wa uzamili kwenye maabara ya dagaa, Kigoma

Mhusika wa kisa hiki ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba nisimtaje yeye, chuo chake, mradi wala mfadhili. Vitu vichache vinavyoweza kumtambulisha nimevibadilisha. Alinifuata kwa sababu kazi yangu ni kuhariri tasnifu za wanafunzi, na anayehariri tasnifu hukaa mahali ambapo malalamiko ya namna hii hupita kila mwaka. Mengi hayafiki popote, hasa kwa sababu mlalamikaji hana karatasi. Huyu alikuwa nazo, ingawa hakujua.

Kilichotokea

Alikuwa mwaka wa pili wa uzamili, akifanyia kazi za maabara kwenye mradi mmoja Kigoma mjini. Mada iliyopitishwa na chuo, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye barua ya utambulisho iliyokwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ilikuwa kulinganisha ubora wa dagaa wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa kwenye chanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi. Ni mada ya heshima, ila imeshatembelewa sana.

Wazo lenyewe alilipata mwaloni Katonga, pale boti zinaposhushia samaki, alfajiri, akisubiri kununua sampuli. Aliona kina mama wachuuzi, kabla ya kutaja bei, huchota dagaa wachache na kuwaminya tumboni kwa kidole gumba. Mmoja akisema "hawa wameshiba," bei inashuka na mvuvi habishi sana. Akauliza. Akaelezwa kwamba dagaa waliokaa muda mrefu kwenye mwanga wa taa kabla ya wavu kuinuliwa huwa wamekula mno, na hao hupasuka tumbo mapema, wakifika kwenye chanja wanakuwa uji.

Kwa wasiojua uvuvi wa Ziwa Tanganyika: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa betri au sola, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Taa huvuta vijidudu vidogo vya majini, vijidudu huvuta dagaa. Kwamba samaki wadogo waliokula sana hupasuka tumbo haraka ni jambo linalofahamika kwenye sayansi ya uvuvi. Vimeng'enya vya kusagia chakula huendelea na kazi baada ya samaki kufa na kuanza kula ukuta wa tumbo. Alichofanya mwanafunzi ni kuunganisha: huenda sehemu ya hasara inayoonekana kwenye chanja imeanzia ziwani, kwenye uamuzi wa mvuvi kuinua wavu saa ngapi. Kama ni kweli, kuna hasara inayoweza kupunguzwa bila kununua kitu chochote. Swali hilo halikuwa kwenye mada yake iliyopitishwa.

Akaanza kulifanyia kazi pembeni. Akatengeneza skeli ya kupima ujazo wa tumbo kwa macho, kuanzia 0 kwa tumbo tupu hadi 4 kwa tumbo lililojaa kabisa. Baada ya wiki kadhaa akaona kwamba kwa mwanga wa tochi hawezi kutofautisha 2 na 3, akaziunganisha kuwa 2. Ile 4 akaiacha kama ilivyo, kwa uvivu wa kawaida tu, asije akalazimika kurekebisha kurasa za nyuma za daftari. Skeli yake ikawa 0, 1, 2, 4. Naomba msomaji asiisahau.

Mwezi Machi 2024 aliwasilisha wazo kwenye kikao cha maabara cha Ijumaa. Profesa, msimamizi wake, alikuwa mtandaoni. Chumbani alikuwepo mtafiti mwandamizi wa mradi, ambaye wote humwita Dokta. Dokta alicheka. "Dada yangu, hayo ni maneno ya kina mama wa mwaloni. Maliza kwanza chanja zako." Profesa alisema, "Andika, tutaona." Kikao kilipoisha, Dokta huyohuyo akamwomba amtumie slaidi. Akamtumia kwa barua pepe jioni ileile.

Kisha ziwa likafungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo, na kwa maabara inayoishi kwa dagaa wabichi miezi 3 hiyo ilikuwa ya kukaa mezani. Mwanafunzi akaandika sura zake za mwanzo. Wengine nao wakaandika yao.

Uvuvi ulipokaribia kufunguliwa, printa ya maabara ikaishiwa wino. Fundi wa maabara akampa flashi, akamwomba apitie steshenari ya mtaa wa Mwanga akachape andiko la mradi wa awamu ya pili, Dokta analihitaji mchana. Akiwa amesimama kaunta, kurasa zikitoka moja moja, akaona lengo la pili: athari za muda wa kukaa chini ya taa kwa ubora wa dagaa. Ukurasa unaofuata ukatoka na picha aliyoipiga mwenyewe kwa simu Katonga, kidole gumba cha mama mmoja chenye hina kwenye ukucha, na pembeni rula yake ya plastiki iliyomeguka kona. Chini ya picha, jedwali la skeli: 0, 1, 2, 4.

Jina lake halikuwepo popote.

Nini hasa kilichukuliwa

Alipokuja kwangu alikuwa na neno moja tu, wizi, na mipango mitatu: kumwandikia mfadhili, kuweka makala ya haraka kwenye hifadhi ya makala za awali mtandaoni ili awe wa kwanza, au kuondoka kwenye mradi. Nilimwomba tuanze na kazi ya kuchosha, tutenganishe vitu vilivyomo kwenye zile kurasa, kwa sababu kila kimoja kina hadhi yake.

Mada ya dagaa kuharibika si ya mtu. Kwamba samaki aliyeshiba hupasuka si lake pia. Swali mahususi la muda wa taa ni wazo, na alilileta yeye kwenye kikao. Skeli ni mbinu. Picha ni kazi yake ya mikono. Na kulikuwa na aya moja ya maelezo kwenye andiko iliyofanana na slaidi yake sentensi kwa sentensi, hadi koma. Data hazikuwemo, jambo ambalo lilinipa matumaini kiasi: aliyeandika hakuwa na haja ya matokeo yake, alihitaji tu lengo la pili lenye mvuto.

Watu wengi huuliza, je, sheria hailindi? Inalinda, ila si pale ambapo mwanafunzi anaumia zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyokwisha kupata umbo: maandishi, picha, mchoro. Wazo lililo nyuma ya maandishi halilindi, na hapa Tanzania haiko peke yake. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, kifungu cha 9(2), unasema hivyohivyo, kwamba hakimiliki inahusu namna jambo lilivyoelezwa, mawazo na mbinu zikibaki nje. Hataza (patent) nayo, inayosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya sheria ya 1987, ni ya uvumbuzi wa kiufundi. Ugunduzi na nadharia za kisayansi haziingii. Kwa hiyo kisheria mwanafunzi wetu alikuwa na picha moja na aya moja. Hakimiliki ya vitu hivyo ilianza pale alipovitengeneza, hata bila kwenda kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, isipokuwa kama karatasi alizosaini alipojiunga na mradi zinasema vinginevyo. Tulizisoma. Zilizungumzia data na sampuli, ambazo ni mali ya mradi. Picha na maandishi hazikutajwa.

Mtu anaweza kushinda kesi ya kidole gumba na rula na bado akapoteza wazo.

Lakini utafiti una kanuni zake, na zinafika mbali kuliko sheria. Serikali ya Marekani ilipoweka tafsiri rasmi ya udanganyifu wa kiutafiti mwaka 2000, ilisema wizi wa kitaaluma ni kuchukua mawazo, mbinu, matokeo au maneno ya mtu bila kumtaja ipasavyo. Mawazo yametajwa ya kwanza. Mradi wenye fedha kutoka nje mara nyingi hubeba kanuni za aina hii ndani ya mkataba wake, kwenye viambatisho ambavyo hakuna mtu maabara aliyewahi kuvifungua.

Kuna tundu hapo, na kisa hiki kilipita humohumo. Kanuni za majina ya waandishi tulizozizoea ni za makala za majarida. Vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambavyo hata watu wa uvuvi huvifuata, vinataka mwandishi awe na mchango wa maana kwenye wazo, muundo, data au uchambuzi, ashiriki kuandika au kuhakiki, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika. Yote 4 kwa pamoja. Kutafuta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, na kwa kipimo hichohicho, wazo peke yake pia halitoshi. Andiko la mradi ni kitu kingine. Halina mwandishi wa kwanza. Lina mkuu wa mradi na bajeti. Mawazo ya kila mtu humwagwa humo, na aliyeandika huwa haoni ajabu, maana ameambiwa kazi yote ni ya maabara. Yakija majarida miaka mitatu baadaye, wazo limeshakuwa la mradi. Na jarida likipelekewa mgogoro wa majina, halikai kama hakimu. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, unalielekeza kurudisha suala kwa taasisi. Yaani kwa Profesa na wenzake.

Je, Dokta aliiba?

Sina jibu la moja kwa moja. Mtu husikia jambo, akalidharau, likakaa kichwani, na baada ya miezi likamrudia kana kwamba limezaliwa humo. Nimeona hilo kwa watu waaminifu kabisa, na kama ingekuwa ni swali la muda wa taa tu ningemtetea Dokta. Ila hakuna mtu anayekumbuka skeli inayoruka 3. Hiyo ilitoka kwenye faili. Aliyeandika lengo la pili alikuwa na slaidi zimefunguliwa mbele yake.

Ndiyo maana ile barua pepe ya Machi ilikuwa na uzito kuliko vyote alivyonionyesha. Alikuwa na daftari la maabara lenye tarehe, zuri, lakini daftari linaonyesha aliandika lini. Halionyeshi nani mwingine alijua. Alikuwa na skrinishoti za kundi la WhatsApp la maabara, ambalo lilikuwa limewekwa ujumbe ujifute wenyewe, kwa hiyo zilikuwa vipande. Barua ya utambulisho haikusaidia kitu, kwa kuwa mada yake ilikuwa ya chanja na mchanga. Mawazo mazuri huja baada ya muhuri. Barua pepe ilikuwa na tarehe, kiambatisho, na jina la aliyepokea, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba.

Wengi wakisikia kisa hiki husema alikosea kusimulia, angenyamaza hadi achapishe. Sikubaliani nao. Alihitaji boti, barafu, mafuta na saa za friza, na vyote vilikuwa vya mradi. Mwanafunzi anayeficha swali lake hapati hata mtu wa kumwambia kwamba skeli yake ina kasoro. Pungufu ilikuwa moja, kwamba kwenye kikao alisema na hakuna aliyeandika. Maabara ile haikuwa na kumbukumbu za vikao. Angetuma siku ileile ujumbe wa mistari mitano kwa wote waliokuwepo, Profesa akiwemo, "leo niliwasilisha hili, maoni yalikuwa haya, hatua inayofuata ni hii," andiko la Agosti lisingeandikwa vile. Dokta angejua kwamba wote wanajua.

Wanafunzi wa Kitanzania tuna mfano wa nyumbani ambao tunaukumbuka nusu. Erasto Mpemba aligundua mwaka 1963, akitengeneza aiskrimu akiwa shule ya sekondari Magamba, kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule. Osborne akalipeleka maabara, na makala yao ya 1969 ikatoka kwa majina mawili, la Mpemba likitangulia. Osborne angeweza kuandika peke yake na nani angemuuliza? Upande mwingine yupo Albert Schatz, mwanafunzi wa uzamivu kule Rutgers, Marekani, aliyeitenga streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, mwaka 1943. Ilibidi amshtaki msimamizi wake, Selman Waksman, mwaka 1950 ndipo akatambuliwa rasmi kuwa mgunduzi mwenza na kupewa sehemu ya mapato. Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Schatz alishinda, na kesi ile ilimfungia milango mingi.

Mwanafunzi wetu aliijua hesabu hiyo hata bila kumsikia Schatz. Mtu wa kusaini tasnifu yake alikuwa Profesa. Watafiti wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanajuana wote, na ukigombana nao Kigoma utawakuta tena Bujumbura kwenye warsha, meza moja.

Alichofanya

Mfadhili tulimwacha. Makala ya haraka nilimkataza, maana data ni mali ya mradi kwa mujibu wa karatasi alizosaini, na angegeuka yeye kuwa mkosaji. Rasimu yake ya kwanza ya barua ilikuwa na neno "nimeibiwa" mara mbili. Tukayatoa yote mawili. Neno hilo linadai uchunguzi, uchunguzi unadai kamati, na kamati za vyuo haziendi kwa kasi ya ada za mwanafunzi. Kuna watakaosema huku ni kujikunyata. Sawa, ila nilitaka ahitimu. Barua iliyokwenda ilikuwa hii:

"Shikamoo Prof. Natumaini u mzima wa afya. Nilipokwenda kuchapa rasimu ya andiko la awamu ya pili nimefurahi kuona suala la muda wa taa limepewa lengo zima. Wazo hilo, skeli ya ujazo wa tumbo na picha ya mwaloni niliziwasilisha kwenye kikao cha Machi na kumtumia Dokta jioni ileile. Barua pepe hiyo nimeiambatanisha. Naomba nafasi tuzungumze mambo mawili: jina langu liingieje kwenye lengo hilo, na sura ya tasnifu yangu inayohusu jambo hili itachapishwa lini na kwa mpangilio gani wa majina. Nipo maabara wiki nzima."

Nakala hakumpa Dokta. Hilo tulibishana, mimi nilitaka apewe, yeye akasema kumpa nakala ni kumvua nguo mbele ya bosi wake, na kwamba Profesa akitaka atamwita mwenyewe. Nadhani alikuwa sahihi.

Profesa hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu. "Binti yangu, mbona hukuniambia mapema?" Alikuwa amemwambia, Machi, akiwa mtandaoni. Hakubishana. Wakazungumza karibu nusu saa, na kwa maelezo yake Profesa alikuwa mpole, hata aliona aibu kidogo. Simu ilipokatwa akafanya jambo ambalo wengi hulisahau kwa furaha. Akaandika: "Asante sana Prof kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa tumekubaliana yafuatayo," akayaorodhesha. Jibu likaja kesho yake: "Sawa. Endelea." Makubaliano yakawa na tarehe.

Alichopata: jina lake limeingia kwenye andiko kama mtafiti mshiriki wa lengo la pili, picha imeandikwa imepigwa na nani, na sura ya tasnifu itatangulia kwenda jaridani kabla mradi haujachapa chochote kuhusu taa, yeye akiwa mwandishi wa kwanza. Ambacho hakupata: usimamizi wa lengo hilo bado ni wa Dokta, pamoja na bajeti yake, na makubaliano hayasemi lolote kuhusu uzamivu iwapo atataka kuendelea na swali hilohilo. Nilimshauri aliombe hilo nalo. Akasema amechoka.

Dokta hakuomba radhi. Kwenye toleo la mwisho la andiko skeli imekuwa 0 hadi 3, imerekebishwa bila maelezo. Wanasalimiana, wanagawana barafu.

Lililobaki ni la kina mama wa Katonga, na ni mimi niliyelianzisha, kwa sababu wakati tunatenganisha nini ni cha nani, sehemu ya kwanza kabisa ya wazo haikuwa ya mwanafunzi wala ya Dokta. Mpemba naye alisimulia kwamba rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia baadaye kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto. Jina la rafiki huyo mimi silijui. Mwanafunzi alikaa kimya kidogo, kisha akakubali kwamba sura ya mbinu ieleze waziwazi chanzo cha swali, na majina ya wachuuzi yaingie kwenye shukrani kwa ridhaa yao. Akarudi mwaloni kuwauliza. Watatu walikubali, mmoja akataka liandikwe na jina la marehemu mama yake aliyemfundisha. Wa nne, yule mwenye hina, alikataa katakata: hataki wavuvi wasome mahali kwamba ni yeye anayesema dagaa wao wameshiba.